Mume anataka gari jipya la mkopo, mimi naogopa deni

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabora mjini maeneo ya Ipuli. Mume wangu ni mtumishi wa halmashauri, mimi nina duka la dawa muhimu. Ndoa yetu ina amani na mume wangu ni mtu wa kushauriana, ndiyo maana jambo hili linaniumiza. Tangu mvua zilipokatika hatuwezi kukaa mezani bila kuzungumzia gari, na kila tukizungumza tunamaliza mmoja wetu amenuna.

Tulikuwa na kigari kidogo tulichokinunua kwa mtu hapa hapa mjini. Kwa kupeleka watoto shule na kufuata dawa stoo kilitosha. Tatizo lilikuwa kijijini. Wakwe zangu wanaishi ndani huko Kaliua. Ukishaacha lami unaingia kwenye mchanga, halafu mbuga, na masika ile mbuga inakuwa tope jeusi linaloshika gurudumu lisiachie. Februari mwaka jana tulikuwa tunarudi kutoka huko, mtoto wetu wa mwisho ana homa kali. Gari likazima katikati ya mbuga, jua linazama. Mume wangu alitembea kutafuta msaada, mimi nikabaki ndani na watoto, yule mdogo anachemka mikononi mwangu. Usiku ndipo aliporudi na trekta la mkulima mmoja, Mungu ambariki. Mtoto alilazwa hospitali ya Kitete, akapona. Baadaye fundi akatuambia gea boksi ilikuwa mbovu siku nyingi, aliyetuuzia aliifunika funika tu ipate kutembea. Tukaliuza kwa hasara.

Sasa tunataka gari la juu kidogo, SUV ndogo ya familia. Tuko watano, na mama mkwe tunamleta kliniki ya presha mara kwa mara.

Tuna akiba ya pamoja ya milioni 26. Mume wangu anataka gari jipya kabisa kutoka kwa wakala wa Dar es Salaam. Bei tuliyotajiwa mpaka usajili ni milioni 71. Zinazopungua, milioni 45, anataka kukopa benki kwa mshahara wake: miezi 72, riba asilimia 16, rejesho kama 976,000 kila mwezi. Mimi nikisikia miezi 72 nalala vibaya. Mtoto wa kwanza atakuwa amemaliza kidato cha nne bado tunalipa gari!

Mimi nataka tuagize lililotumika kutoka Japani. Nimekuwa nikiangalia RAV4, X-Trail, Forester na Mazda CX-5 ya dizeli, ambayo shoga yangu anaisifia kwa kutokula mafuta. Naona magari ya Japani yanatunzwa, barabara zao nzuri, ni kama mapya tu.

Halafu kuna kaka yangu wa Dodoma. Anauza Forester yake ya mwaka 2009, namba D, kwa milioni 17. Anataka jibu kabla ya mwezi kuisha, anasema kuna mtu mwingine anaisubiri. Ni kaka yangu wa tumbo moja, hawezi kunidanganya. Lakini nilipomwambia mume wangu, alisimama mezani akasema, "Sinunui tena tatizo la mtu mwingine," akaenda kulala. Ukweli wangu mama, nahisi anashindana na wenzake. Wawili ofisini kwao wamenunua magari mapya mwaka huu.

La mwisho ndilo zito. Nina milioni 9 kwenye kikundi chetu cha akina mama, mume wangu hazijui. Ni faida ya duka, nilikuwa naziweka nifungue chumba cha pili. Nikizitaja, naogopa zitamezwa na gari jipya. Nisipozitaja, ninakaa kwenye mjadala wa fedha nikiwa nimeficha fedha. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku ule wa mbuga. Barua yako nimeirudia kwa ajili ya usiku ule peke yake. Wewe umeupa mistari michache ukahamia kwenye bei na riba, lakini mimi naona ndiko mjadala wenu wote unakotoka.

Nikikuelewa vizuri, una njia tatu mbele yako: jipya kwa mkopo, la Japani kwa akiba, na la kaka kwa bei ya chini. Nyuma ya njia hizo kuna mambo mawili ambayo wewe na mume wako hamjayaweka mezani. Moja ni kile kilichompata yeye alipokuacha na watoto gizani akaenda kutafuta msaada. La pili ni milioni zako 9.

Niruhusu nianze na mume wako. Unasema anashindana na wenzake. Inawezekana, wanaume wa ofisi moja hutazamana. Lakini maneno uliyoyanukuu mwenyewe hayana ushindani ndani yake. "Sinunui tena tatizo la mtu mwingine" ni maneno ya mtu aliyenunua tatizo, likamweka mtoto wake hatarini, na akatembea peke yake njia nzima akijilaumu kwamba ni yeye aliyelichagua. Kama ndivyo, basi anachokitafuta kwa wakala wa Dar ni uhakika kwamba hataachwa tena njiani, na hesabu za riba hazitamgusa, kwa sababu hazijibu hofu hiyo. Sijui kilichomo moyoni mwake, wala wewe hujui mpaka umuulize. Jaribu kumuuliza siku ambayo hamzungumzii bei: "Baba fulani, usiku ule ulipokuwa unatembea, ulikuwa unawaza nini?" Halafu unyamaze umsikilize.

Sasa tuje kwenye gari jipya, maana nalo lina haki ya kusikilizwa. Faida yake ni ya kweli. Hakuna aliyelifunika ubovu, historia yake inaanza na nyinyi, na dhamana kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Lakini dhamana ina masharti, na kubwa ni kwamba sevisi zifanywe kwa wakati na mahali wanapopatambua. Kutoka Tabora hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kabla ya kusaini chochote, mwambie mume wako awaulize kwa maandishi: gereji yenu ya karibu na Tabora iko wapi? Fundi wetu wa hapa akimwaga oili na kubadilisha chujio, dhamana inabaki? Gari likizima Kaliua, nani analivuta na kwa gharama ya nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama uhakika anaoutafuta unauzwa kweli pale, au unaishia Morogoro.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi. SUV ndogo nyingi mpya za bei kama hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya mjini. Zina umbo la gari la porini, lakini zinavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Kwa mchanga mwepesi mtapita. Kwa mbuga ya Februari, gari jipya la namna hiyo linaweza kukwama palepale lilipokwama lile la zamani, safari hii likiwa na deni juu yake. Ulizeni mapema kama linavuta magurudumu yote manne, na tumbo lake liko juu ya ardhi sentimita ngapi. Chini ya 20 mtalisikia likisugua katikati ya njia ya mikokoteni.

Deni lenyewe nimelipigia hesabu. Rejesho la 976,000 mara miezi 72 ni zaidi kidogo ya milioni 70. Ukiongeza akiba yenu ya milioni 26, gari la milioni 71 litakuwa limewagharimu kama milioni 96, kabla ya mafuta na matairi. Bima nayo itabidi iwe kubwa, kwa sababu gari la thamani hiyo huwezi kuliachia bima ndogo inayomlipa mwingine tu, na bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari. Pia kwa mtumishi wa umma kuna ile kanuni ya theluthi: baada ya makato yote mshahara unaobaki usipungue theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mkopo unaogusa mpaka huo unamfungia mlango akihitaji mwingine kwa dharura, na miaka 6 ni mirefu kwa familia yenye watoto watatu na wazee wanaougua. Hata hivyo kuna familia zinazolipa mikopo ya namna hii na kulala usingizi, kwa sababu mshahara ni wa uhakika na wamekubaliana wote wawili. Kinachonitia wasiwasi kwenu ni kwamba mmoja wenu hajakubali.

Upande wako sasa. Unasema magari ya Japani ni kama mapya. Hapo mwanangu nakuomba upunguze mwendo. Yapo yaliyotunzwa vizuri sana, na yapo yaliyogongwa yakanyooshwa. Habari njema ni kwamba mengi hupita mnadani kule, na mnada hutoa karatasi yenye alama. Gari la alama 4 au 4.5 liko katika hali nzuri, 3.5 lina dosari za kawaida za umri, na likiandikwa R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo huonyesha pia kilomita na michoro ya mahali palipokwaruzwa. Muuzaji akikuambia haipo, au akikupa picha tu, mtafute mwingine. Ukiipata, usiisome peke yako, mpe anayeijua.

La pili ni kodi, na hapa ndipo watu wengi wa mikoani wanapoumia. Unaona gari limeandikwa bei ndogo mtandaoni, unadhani umepata. Kwa viwango ninavyovijua, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi 2,000, na 10 ikizidi hapo, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Gari likitimiza miaka 8 tangu kutengenezwa linaongezewa asilimia 15, likivuka 10 linaongezewa 30. Nikizipanga kwa gari la cc 2,000, lenye umri chini ya miaka 8 linatozwa kama asilimia 55 ya thamani yake, na lililovuka miaka 10 linatozwa karibu asilimia 100, yaani kodi inakuwa kubwa kama gari lenyewe. Na thamani inayotumika ni ile iliyomo kwenye mfumo wa TRA, hata kama wewe umenunua kwa bei ya chini zaidi. Kikokotoo chao kiko wazi kwenye tovuti yao, na viwango hubadilika bajeti zinapopita, kwa hiyo kifungueni siku ileile mnayotaka kulipa. Juu ya hapo weka wakala wa forodha, tozo za bandari, ukaguzi wa TBS, na dereva wa kulileta Tabora. Dereva huyo asiondoke Dar kabla bima haijakatwa, na asisafiri usiku.

Kwa hiyo milioni 26 zenu huenda zikatosha kwa gari la zamani zaidi kuliko unaloliota. Piga hesabu ya gari mahususi, lenye mwaka na cc zake, ndipo umwonyeshe mume wako karatasi. Mabishano mengi ya nyumbani hutokea kwa sababu kila mmoja anabishana na gari lililo kichwani mwa mwenzake.

Kuhusu aina ulizozitaja, nimezungumza na mafundi ninaowaamini, na nitakupa walichosema bila kukuchagulia.

RAV4 za kizazi cha tatu, zile zilizoanza mwishoni mwa 2005, spea zake ziko kila duka la Tabora na kila fundi amezifungua. Injini yake ni lita 2.4, kwa hiyo inaangukia kwenye ule ushuru wa asilimia 10, na baadhi ya injini hizo hula oili zikizeeka. Angalia pia namba ya chesisi: ikianza na ACA31 inavuta magurudumu manne, ikianza na ACA36 inavuta ya mbele tu. Kwa macho yanafanana kabisa, na wapo waliogundua tofauti wakiwa tayari matopeni. Kizazi cha nne hakikuuzwa Japani, RAV4 ilirudi sokoni kule mwaka 2019 na kizazi cha tano, ndiyo maana kwenye tovuti unaona bei zinaruka ghafla kutoka za zamani hadi mpya mno.

X-Trail ya lita 2.0 ina nafasi nzuri ya watoto na mizigo, na iko chini ya cc 2,000. Ya magurudumu manne chesisi yake huanza na NT, mfano NT31. Shida ni uelewa wa gea boksi yake. Nyingi zina CVT, gea isiyo na hatua, inayotumia mkanda wa chuma. Gea hiyo inataka mafuta yake maalumu, NS-2 kwa kizazi cha T31 na NS-3 kwa kizazi cha T32 kilichofuata. Ukiiwekea mafuta ya gea ya kawaida inakufa, na ikifa bei yake inaweza kuwalaza njaa. Kwa familia iliyowahi kuachwa njiani na gea boksi, hili ni la kulizungumza wazi na mume wako kabla hajalisikia kwa mtu mwingine.

CX-5 ya dizeli ni kweli hainywi sana, shoga yako hakudanganya. Lakini ekzosi yake ina chujio la masizi linalojisafisha gari likipata safari ndefu yenye mwendo. Safari zako nyingi ni Ipuli, shule, sokoni, dukani, nyumbani. Kwa matumizi hayo chujio huziba, na dizeli ambayo haikuungua huweza kushuka ikachanganyika na oili ya injini. Muulize shoga yako anaendeshea wapi. Kama kila wiki yuko njiani kwenda Nzega au Manyoni, gari lake na maisha yako ni vitu viwili tofauti.

Kuna na Toyota Rush ya lita 1.5 ambayo hukuitaja. Ni ndogo, mtu wa tano nyuma atabanwa, lakini tumbo liko juu, kodi ya injini ni nafuu, na lile toleo la magurudumu manne linajitahidi kwenye tope. Nimeitaja tu mjue ipo.

Haya, kaka yako. Umeandika kwamba hawezi kukudanganya, na mimi sina sababu ya kumshuku. Ila mtu anaweza kukueleza ukweli wote anaoujua na bado gari likawa na ugonjwa asioujua. Forester ya 2009 ina uzuri wake: gea yake ni ya otomatiki ya kawaida, inavuta magurudumu manne, na tumbo linazidi sentimita 20. Lakini injini ya lita 2.0 ya mwaka huo inatumia taiming belti, si cheni kama zilizokuja kuanzia mwishoni mwa 2010. Belti hiyo kwa kawaida hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu hugonga pistoni na injini inaharibika. Swali la kwanza kwa kaka ni hilo: ilibadilishwa lini, na nani, risiti iko wapi? Kama hajui, ihesabuni kama haijabadilishwa, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Fundi wa kulipima awe wenu, si wake. Aende Dodoma asubuhi kabla injini haijawashwa, alisikilize likiwaka la baridi, aangalie moshi, oili, maji ya rejeta, bushi na chesisi kwa chini, halafu alipime kwa mashine na kuliendesha mpaka lipate moto, kwa sababu taa za dashibodi zinaweza kufutwa asubuhi zikarudi jioni. Kadi iwe halisi na kwa jina lake, na muangalie kwenye mfumo wa polisi kama namba hiyo inadaiwa faini za barabarani. Umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Ndugu wengi huahirisha hili kwa kuaminiana, na miaka miwili baadaye gari liko kwa mmoja na kadi kwa mwingine.

Kuna gharama moja ya gari la kaka ambayo fundi hawezi kuipima. Likiharibika, mume wako atasema "nilikwambia," kaka yako atasema "lilikuwa zima likiondoka kwangu," na wewe utakuwa katikati ya watu wawili unaowapenda. Ungekuwa tayari kwa hilo? Wapo wanaoweza kulibeba, hasa kama mume ameshirikishwa kuanzia kwenye ukaguzi na neno la mwisho likawa lake. Mume wako akienda mwenyewe na fundi Dodoma, akaliendesha, akaliangalia chini, anaweza kurudi amebadilika, au akarudi na sababu ambazo hata wewe utazikubali.

Sasa milioni 9. Sitakuita mwizi, na wewe usijiite. Mwanamke mwenye duka anayeweka faida kando kwa ajili ya duka anafanya kazi yake. Lakini umesema mwenyewe kinachokuuma, kwamba unajadili fedha ukiwa umeficha fedha. Unaogopa zikitajwa zitamezwa. Hofu hiyo inaweza kuwa ya haki, ila angalia kama imewahi kujaribiwa. Je, mume wako amewahi kuchukua fedha ya duka bila kukuuliza? Katika barua yako sikuona. Unaweza kuzitaja pamoja na kazi yake: "Nina akiba ya duka, ni ya chumba cha pili, na nakuomba ibaki hivyo." Hatari ipo, anaweza kuumia kwamba hukumwambia, na siku kadhaa nyumba ikawa baridi. Ukiendelea kukaa kimya, hatari yake ni kwamba vikundi vya akina mama havina siri ya kudumu, na akisikia kwa mtu mwingine katikati ya mwaka wa tatu wa marejesho, jeraha litakuwa kubwa zaidi. Wewe ndiye unayemjua. Wakati wa kusema ni wako, ila ningependa uwe kabla ya sahihi ya benki, siyo baada.

Kabla sijamaliza, ipo njia nyingine ambayo hamkuiweka kwenye orodha, nayo ni kutonunua sasa. Andikeni ni safari ngapi kwa mwaka zinazohitaji kweli gari la kupita mbugani. Kama ni chache, mnaweza kukodi gari lenye nguvu na dereva anayeijua njia kwa safari hizo za masika, mama mkwe akaja Tabora kukaa kwenu miezi ya mvua karibu na kliniki, na akiba ikaendelea kukua mpaka iweze kununua gari changa zaidi bila mkopo, au kwa mkopo mdogo wa mwaka mmoja au miwili. Ubaya wake ni kwamba mtoto akiugua usiku hamna gari mlangoni, na baada ya yaliyowapata sidhani mume wako atalikubali kirahisi. Ila lisemeni. Hata mkilikataa, mtakuwa mmeshajua gari mnalihitaji kwa nini hasa, na orodha itapungua yenyewe.

Kaka yako asiwaharakishe. Tarehe ya mwisho wa mwezi ni yake, si yenu. Mpigie wewe mwenyewe, leo ikiwezekana, umwambie: "Kaka, gari lako tunaliheshimu. Shemeji yako atakuja na fundi kuliangalia tukishakubaliana nyumbani. Mteja wako akitangulia na fedha mkononi, muuzie kwa amani, mimi sitanuna."